Nyoka Wengi Ndani ya Boksi Moja: Elimu kwa Wakazi wa Todonyang, Lodwar na Kakuma

Video za wafugaji wa Marekani na Ulaya wakilisha nyoka watano au sita waliojikunja pamoja kwenye boksi la kioo huonekana siku hizi kwenye simu za vijana kila mahali, Turkana ikiwamo. Nyoka hao mara nyingi ni gata, jamii ya Thamnophis ya Amerika Kaskazini: wembamba, wenye mistari mgongoni, na wasio na madhara makubwa kwa binadamu. Kijitabu hiki kinaeleza kwa nini wao huweza kukaa pamoja, na kwa nini nyoka wa Turkana hawafai kujaribiwa hivyo.

Gata huishije kwa makundi?

Huko Narcisse, jimbo la Manitoba nchini Kanada, makumi ya maelfu ya gata hulala pamoja chini ya mawe ya chokaa msimu wote wa baridi, kisha hutoka kwa wingi jua linapoanza kupasha ardhi. Mwaka 2020, watafiti Morgan Skinner na Noam Miller wa Chuo Kikuu cha Wilfrid Laurier walichapisha matokeo ya kuwachunguza gata wadogo waliotiwa alama za rangi vichwani. Waligundua kwamba nyoka hao huchagua wa kukaa nao, na wakitawanywa hurudi kwenye makundi yale yale.

Hata hivyo, wafugaji wazoefu hawawachanganyi ovyo. Mgeni hutengwa kwanza kwa wiki kadhaa, achunguzwe utitiri na minyoo. Wanaowekwa pamoja huwa wa aina moja na wanaolingana ukubwa. Madume hutenganishwa na majike, kwa kuwa jike la gata hazai mayai bali watoto hai, na huweza kuzaa zaidi ya 20 kwa mkupuo mmoja. Maficho huwa mengi kuliko nyoka, ili asiwepo anayenyimwa pa kujificha.

Hatari kubwa huja wakati wa kula. Samaki mmoja akitupwa kati ya nyoka wawili, huyu hung'ata kichwa na yule mkia. Meno ya nyoka yamepinda kuelekea kooni, kwa hiyo kila taya linaposogea chakula huzidi kuingia na kuachia huwa vigumu. Midomo ikikutana, mkubwa huendelea kumeza, na mdogo huingia pamoja na samaki. Ndiyo maana kila nyoka hulishwa kwenye chombo chake, na hurudishwa kwa wenzake baada ya harufu ya chakula kuisha mwilini.

Wa kwetu ni wengine kabisa

Kenya pia ina nyoka anayeitwa gata kwa Kiingereza, wa jamii ya Elapsoidea. Huyo ni ndugu wa swila na koboko: ana sumu, huishi chini ya udongo, hutoka usiku hasa baada ya mvua, na huwinda mijusi na nyoka wenzake. Anayemfuga kwa kufuata maelekezo ya gata wa Marekani anajitia hatarini, na akimweka na mwenzake huenda asubuhi akamkuta mmoja tu.

Katika ardhi kavu ya Turkana wapo pia swila mwekundu anayetema sumu, bafe, na kipiri mdogo wa jangwani, Echis, ambaye husugua magamba yake na kutoa mlio kama wa chakula kinachokaangwa. Kipiri huyo ni mdogo, lakini sumu yake huzuia damu kuganda, na aliyeumwa anaweza kuanza kutokwa na damu kwenye fizi saa kadhaa baadaye. Hakuna debe wala boksi la nyumbani linalomfaa.

Asiye na sumu ni chatu mdogo wa mchangani, Eryx colubrinus. Hujizika mchangani akabakiza macho na pua, akisubiri panya au mjusi apite. Nyoka huyu wa Afrika Mashariki na Kaskazini hufugwa na watu wengi ng'ambo, na wafugaji makini humpa kila mmoja boksi lake. Jike ni kubwa mno kuliko dume, na kukaa karibu hakumpi faida yoyote. Wengi huuawa bure kwa kudhaniwa kuwa bafe au kipiri, ilhali wanapunguza panya kwenye maghala.

Sheria na usalama

Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kuweka nyoka wa porini bila kibali ni kosa. Anayetaka kuwaona na kujifunza anaweza kutembelea Snake Park iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1961, au Bio-Ken ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe na mkewe Sanda.

Nyoka akionekana bomani, watoto na mifugo waondolewe, mtu mmoja amwangalie kwa mbali, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lipewe taarifa. Asishikwe, hata akionekana amekufa.

Mtu akiumwa:

- Atulizwe, asitembee, na kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye kijiti kisitikisike.
- Avuliwe pete, vikuku na ushanga kabla uvimbe haujapanda.
- Asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukaza wala kuwekewa jiwe jeusi.
- Sumu ikitemwa machoni, yaoshwe mara moja kwa maji mengi.
- Apelekwe hospitali haraka, hata kama haoni maumivu makali. Kutoka Todonyang safari ni ndefu, kwa hiyo gari au pikipiki itafutwe mara moja, na kituo cha afya kipigiwe simu kuuliza ni wapi penye dawa ya kuzima sumu.

Hospitalini, mhudumu huweza kuweka damu kidogo kwenye chupa safi ya kioo na kuiacha kwa dakika 20. Ikiwa bado haijaganda, huenda sumu ya kipiri imeshaanza kazi, na mgonjwa anahitaji dawa hiyo bila kucheleweshwa.