ULIMI UTAJAO JINA LA MUNGU

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wazee wetu wametuachia methali mbili zinazopingana. Moja yasema, "Maneno makali hayavunji mfupa." Ya pili yasema, "Ulimi unauma kuliko meno." Katika mabweni twaipenda ile ya kwanza, hasa tukiwa wasemaji, si wasemwa. Mwenzetu akibandikwa jina la utani akanuna, huambiwa kwamba ni mzaha tu, au kwamba ni kweli tupu, na kweli haina aibu. Wasomaji wapenzi, nimeona yafaa tuwasikilize watu waliolifikiri jambo hili kwa karne nyingi, nao ni Wahindu.

Kwanza tusichanganye majina. Mhindi ni mtu ambaye asili yake ni nchi ya India, awe Mwislamu, Mkristo au mwenye dini nyingine. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu.

Katika dini hiyo iko njia ya ibada iitwayo bhakti, yaani kumpenda Mungu na kumtumikia kwa moyo wote. Ulimi ndio chombo kikubwa cha ibada hiyo. Mwenye bhakti huimba pamoja na wenzake nyimbo za kumsifu Mungu, na akiwa peke yake hulitaja jina lake, kama vile Rama au Krishna, akihesabu kwa tasbihi yenye punje 108. Hata katika kuamkiana, wengi hutaja jina hilo. Basi, ikiwa ulimi huu ndio utajao jina la Mungu asubuhi, wawezaje kumchana jirani jioni? Mtu hawatilii wageni maziwa katika kibuyu kilichokuwa na mafuta ya taa.

Wafuasi wa Chaitanya, mwalimu wa Bengal aliyeishi tangu 1486 hata 1534, hutumia mfano mwingine. Husema kwamba bhakti ni kama mmea utambaao, ambao mtu huupanda moyoni na kuumwagilia maji kila siku. Kumtukana mtu ampendaye Mungu ni kumfungulia ndovu mwenye wazimu mlango wa shamba hilo. Kazi ya miaka mingi hung'olewa kwa dakika moja.

Sasa, maneno mema ni yapi? Kitabu kiitwacho Bhagavad Gita, katika sura ya 17, chaeleza namna ya kuutawala ulimi. Neno lisimtie mtu fadhaa, liwe la kweli, lipendeze kusikiwa, tena limfae yule anayeambiwa. Pamoja na hayo mtu auzoeze ulimi wake kuyasoma maandiko matakatifu. Tuangalie sana kwamba masharti haya hayachaguliwi moja moja. Asemaye kweli ili kumwaibisha mwenzake ametimiza sharti moja na kuyavunja mengine. Asemaye maneno matamu ya uongo naye ni vivyo hivyo. Kuyatimiza yote ni kazi ngumu, na kwa hiyo wengine huona heri kunyamaza. Mahatma Gandhi, aliyeishi tangu 1869 hata 1948, kwa miaka mingi alifunga kusema kila siku ya Jumatatu, na akitaka kujibu jambo aliandika kwenye karatasi.

Huenda msomaji akauliza: Je, kweli nusu yatosha? Utenzi mrefu wa Mahabharata wajibu kwa hadithi ya mfalme Yudhishthira. Mfalme huyo alisifiwa kwa ukweli wake hata gari lake la vita lilikwenda likielea vidole vinne juu ya ardhi. Katika vita kuu, upande wake ulishindwa kumwangusha Drona, ambaye zamani alikuwa mwalimu wao. Wakamwua ndovu aitwaye Ashwatthama, kwa kuwa hilo lilikuwa pia jina la mwana wa Drona, kisha wakapiga kelele kwamba Ashwatthama amekufa. Mzee Drona hakuwasadiki, akamwuliza Yudhishthira. Naye akajibu kwamba Ashwatthama amekufa, na lile neno "ndovu" akalitamka kwa sauti ndogo lisisikike. Drona akaweka silaha chini kwa huzuni, akauawa. Papo hapo gari la Yudhishthira likashuka, magurudumu yakagusa vumbi kama magari ya watu wengine.

Wala tusidhani kwamba maneno ya huruma ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Katika utenzi huo huo yumo Vidura, mshauri wa mfalme Dhritarashtra. Mara nyingi alimwambia mfalme waziwazi kwamba wanawe wanadhulumu, na kwamba mwisho wake ni maangamizi. Maneno yake yalikuwa machungu kama mwarobaini, lakini yalikuwa dawa. Alimwambia yule yule aliyehusika, kwa faida yake, wala hakwenda kumsengenya nje.

Tena iko hadithi ya Durvasa, mtawa mwenye hasira nyingi. Alifika kwa mfalme Ambarisha siku ya kufungua saumu, akakaribishwa chakula, akaenda mtoni kuoga, akakawia. Saa ya kufungua ilipokaribia kupita, mfalme alikunywa maji tu, asile kabla ya mgeni. Durvasa aliporudi alighadhibika, akamkaripia mfalme kwa maneno makali na kutaka kumwangamiza. Ndipo silaha ya Mungu Vishnu ikamgeukia mtawa mwenyewe na kumfukuza kila mahali. Akakimbilia kwa Brahma, akakimbilia kwa Shiva, mwisho kwa Vishnu mwenyewe. Vishnu akamwambia kwamba hana msamaha wa kumpa. Arudi kwa Ambarisha, kwa maana ndiye aliyekosewa. Akarudi, na mfalme akamwombea na kumlisha kwa heshima.

Kwangu mimi hili ndilo fundisho kubwa kuliko yote. Mwenye kulipima neno ni yule aliyelisikia, si yule aliyelisema.

Wahindu wenyewe wamelijua jambo hili kwa uchungu. Katika karne ya 14 aliishi Chokhamela, mtunzi wa nyimbo za ibada, ambaye watu walimhesabu najisi kwa sababu ya ukoo aliozaliwa. Alimpenda Mungu wa hekalu la Pandharpur, lakini hakuruhusiwa kuingia ndani. Nyimbo zake ziliimbwa, na watu wa ukoo wake waliendelea kusimama nje. Mlango ulifunguliwa mwaka 1947, baada ya mwalimu Sane Guruji kukataa kula kwa ajili yao. Katiba ya India ya 1950 ikapiga marufuku desturi hiyo ya kuwatenga watu.

Hata jina jema laweza kuumiza. Gandhi, akitaka kuondoa yale majina ya dharau, aliwaita watu hao Harijan, yaani watu wa Mungu, na mwaka 1933 akaanzisha gazeti lenye jina hilo. Nia yake ilikuwa ya huruma. Lakini wengi wao walilikataa, wakaona kwamba ni jina la kuonewa huruma, walilopewa na mtu mwingine. Baadaye wengi walijichagulia jina Dalit, yaani waliopondwa, kwa kuwa linaeleza waliyotendewa. Twaona basi kwamba hata mtu mwema hana budi kumwuliza mwenyewe.

Nasi Waswahili tunayo ya kujiuliza. Neno "Baniani" latokana na jina la wafanya biashara wa Gujarat, nasi tukawaita Wahindu wote kwa jina hilo. Kisha tukatunga methali, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Twaitumia kila siku bila kufikiri, na makusudi yetu ni kusema tu kwamba mtu tusiyempenda aweza kutufaa. Je, mwenzetu Mhindu akiketi darasani nasi, asikia nini? Asikia kwamba yeye ni mbaya, na hilo neno linatangulia.

Basi, wanafunzi wenzangu, kabla ya kumwita mtu jina, tujiulize maswali manne: Je, ni kweli? Je, litamtia fadhaa? Je, litamfaa? Na yeye mwenyewe amelikubali? La mwisho hatuwezi kulijibu sisi. Mwenye jibu yuko kitanda cha pili, nasi hatujamwuliza.