Majani ya Mpapai Dume na Mpapai Jike

Mipapai si yote sawa. Uko mpapai dume, ambao maua yake hutoka katika vikonyo virefu vinavyoning'inia. Na uko mpapai jike, ambao maua yake ni makubwa zaidi, nayo yameshikamana karibu na shina. (Iko na mingine yenye ua moja lililo dume na jike pamoja, lakini leo tuiache.) Kabla haijatoa maua, hata mkulima hodari hawezi kuipambanua kwa macho, maana majani yake yafanana.

Basi, jani lina kazi gani? Jani ni jiko la mti. Lina vitundu vidogo mno, na hewa hupita humo. Kwa nguvu ya mwanga wa jua, jani huunganisha hewa ya ukaa na maji yaliyopandishwa na mizizi, likafanya sukari. Sukari hiyo hupelekwa penye haja.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Mpapai dume huchanua, hutoa chavua, kisha maua yake huanguka; hauna matunda ya kulisha. Mpapai jike hubeba matunda miezi mingi, nayo huvuta sukari mchana na usiku. Tena jani ambalo sukari yake haichukuliwi hujaa, na kazi yake hupungua.

Mwaka 2000 wataalamu wa Hawaii walieleza kwamba mipapai iliyoondolewa nusu ya majani iliendelea kuzaa vema, lakini iliyoondolewa robo tatu ilipunguza maua na matunda. Walikadiria kuwa jani moja lililokomaa laweza kulisha matunda matatu hivi.

Ndizi mbichi ikikatwa, wanga uliomo hugeuka sukari. Papai halina akiba hiyo. Likitunguliwa changa, laweza kulainika, wala utamu hauzidi, kwa kuwa sukari yake hutoka majanini. Kwa hiyo ukitumwa majani ya kufungia nyama ili ilainike, yachume katika mpapai dume.

Lakini msiikate midume yote mkidhani haina faida! Jike lisipopata chavua, maua yake mengi hupukutika bure. Pandeni miche mitatu katika kila shimo, mngoje maua, kisha mng'oe iliyozidi, mkibakiza dume mmoja kwa majike kumi hivi.

Kesho kila mmoja autazame mpapai jike wa kwao, ahesabu matunda yake na majani yake mapana, aandike hesabu hiyo daftarini.