Ukishtakiwa Kolwezi, nani anaamua?

Sinema za Marekani zimetuzoesha raia 12 wanaojifungia chumbani, na mmoja tu akikataa, mshtakiwa hatiwi hatiani. Kwao hiyo ni haki ya kikatiba. Hata hivyo, ilibidi Mahakama ya Juu iseme mnamo Aprili 2020 kwamba haki hiyo inayabana majimbo yote, kwa sababu Louisiana watu walikuwa wakifungwa kwa kura 10 dhidi ya 2.

Huku kwetu Kongo (RDC) hakuna baraza hilo la raia. Wanaohukumu ni mahakimu wa kazi. Tuchukue wizi wa magunia ya madini. Wizi wa kawaida, ambao adhabu yake haipiti miaka 5, huenda Tripaix, yaani Tribunal de Paix. Wizi ukihusisha matumizi ya nguvu, adhabu ni miaka 5 hadi 20, na kesi inakwenda Tribunal de Grande Instance, yaani TGI. Pale TGI kesi ya jinai husikilizwa na mahakimu watatu, na wawili wakikubaliana, basi. Kuna kinga moja ndogo ambayo wachache wanaijua: wakigawanyika pande tatu, mwenye maoni makali zaidi dhidi ya mshtakiwa hulazimika kujiunga na mmoja wa wenzake.

Kwa kuwa kura ya mmoja haikuokoi, shikilia yale ambayo Katiba ya 2006 imekupa, tena tangu siku ya kukamatwa. Kifungu cha 18 kinataka uambiwe sababu papo hapo, kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kuwasiliana mara moja na jamaa zako au avoka. Kasho ya polisi isizidi saa 48. Baada ya hapo uachiliwe au upelekwe mbele ya mamlaka ya sheria. Kifungu cha 19 kinakuruhusu kuwa na avoka hata wakati polisi wanakuhoji.

Mahali watu wanapoumia zaidi ni kwenye PV, ile karatasi ya mahojiano. Huandikwa kwa Kifaransa, kisha unaambiwa, "Tia sahihi hapa." Usitie kabla haijasomwa kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Neno lako lililoandikwa vibaya litakufuata hadi mbele ya mahakimu. Asiye na fedha ya avoka aulizie ofisi ya ushauri wa bure ya chama cha mawakili cha Lualaba.

Hukumu lazima iandikwe pamoja na sababu zake na isomwe hadharani; ndivyo kinavyosema kifungu cha 21. Sababu hizo ndizo utakazozipinga kwenye rufaa. Ikiwa ulikuwepo kesini, una siku 10 tangu hukumu isomwe. Nenda kwa karani wa mahakama, tamka kwamba unakata rufaa, na usiondoke bila nakala ya hati. Kesi ya Tripaix hupanda TGI, na ya TGI hupanda Cour d'appel ya Lualaba.