Kufilisika: Mdaiwa, Wadai na Mahakama

Ukiulizwa maana ya kufilisika, usiandike "kuishiwa fedha". Kila mwaka nakutana na jibu hilo katika mitihani ya majaribio, na kila mwaka nalikata. Mfanyabiashara wa Kibondo anaweza kukosa hata nauli leo, wiki ijayo akauza maharage yake na kulipa kila mtu. Huyo hajafilisika. Kufilisika ni hali ya kisheria: mtu ameshindwa kulipa madeni yake, mahakama imetamka hivyo, na mali yake imewekwa chini ya msimamizi ili wadai wagawiwe kwa utaratibu.

Tenganisha pia maneno mawili yanayofanana. Muflisi ni mtu aliyefilisika. Mfilisi ni anayeteuliwa kukusanya mali, kuiuza na kulipa wadai. Ukiyachanganya, utakuwa umemfanya mdaiwa agawe mali yake mwenyewe.

Tanzania Bara, mtu binafsi hushughulikiwa na Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, iliyotungwa mwaka 1930. Kampuni hushughulikiwa na Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika Machi 1, 2006. Mwenye duka binafsi pale Kasulu mjini yuko chini ya sheria ya kwanza, na deni la duka ni deni lake yeye: linaweza kufuata pikipiki, kiwanja na nyumba. Mwenye hisa katika kampuni yenye dhima ya kikomo hupoteza hisa zake tu. Upande wa serikali, ofisi inayohusika unaijua tayari kwa cheti chako cha kuzaliwa: RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wengi husahau neno hilo la katikati.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo alama zilipo. Tuseme mnunuzi wa maharage wa Kasulu amekopa benki shilingi 6,000,000 kwa rehani ya nyumba. Amechukua maharage ya wakulima na magunia ya wauzaji kwa mkopo, jumla 9,000,000. Mishahara na kodi anadaiwa 900,000. Bei inaanguka, anashindwa kulipa, mahakama inamtangaza muflisi. Nyumba inauzwa 8,000,000. Benki inachukua 6,000,000 yake kwanza kwa kuwa ina dhamana, na 2,000,000 inayobaki inaingia kwenye fungu la wote. Shehena na pikipiki zinaleta 4,000,000. Fungu sasa ni 6,000,000. Toa gharama za ufilisi, tuseme 600,000. Toa mishahara na kodi, ambazo sheria huzipa kipaumbele kwa kiwango ilichoweka. Zinabaki 4,500,000 kwa wadai wa 9,000,000, yaani senti 50 kwa kila shilingi. Mkulima aliyekuwa anadai 400,000 anapata 200,000.

Ni kidogo, na inauma. Lakini fikiria bila sheria ingekuwaje: mdai wa kwanza kufika na gari anabeba magunia yote, na mkulima aliyesikia habari siku tatu baadaye anakuta ghala limefagiliwa.

Huku kwetu aliyezidiwa na madeni mara nyingi huondoka usiku, au huandikisha shamba kwa jina la shemeji. Vyote viwili vinamgeukia. Kuhama makazi kwa nia ya kuwakwepa wadai ni mojawapo ya "vitendo vya kufilisika", na humpa mdai sababu ya kwenda Mahakama Kuu. Mali iliyohamishwa kwa hila inaweza kurudishwa kwenye fungu. Hata kumlipa rafiki mmoja kwa upendeleo huku wengine wakisubiri kunaweza kubatilishwa. Mdaiwa mkweli ana njia nyingine: anaweza kuomba mwenyewe atangazwe muflisi, au apendekeze mapatano na wadai. Sheria humwachia nguo, matandiko na zana za kazi hadi thamani fulani. Baadaye anaweza kuiomba mahakama imwondolee hali hiyo. Kabla ya hapo hawezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila idhini ya mahakama.

Kwa makampuni, jambo jipya la sheria ya 2002 ni usimamizi. Mahakama humteua msimamizi kuendesha kampuni inayoyumba, na wakati huo wadai hawaruhusiwi kukamata mali. Lengo ni kuiokoa, ikiwezekana. Haiwezekani daima: Nakumatt ya Kenya iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifungwe.

Benki zina njia yao. Januari 4, 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano, mojawapo ikiwa benki ya ushirika ya wakulima wa Kagera, mkoa jirani na Kibondo. Bodi ya Bima ya Amana iliteuliwa kuwa mfilisi. Kinga ya bima wakati huo ilikuwa hadi shilingi 1,500,000 kwa mteja. Mwenye amana ya 4,000,000 alikingwa kwa kiasi hicho, na kwa 2,500,000 zilizobaki akasubiri mali za benki ziuzwe. Kiwango kimepandishwa hadi 7,500,000, hivyo mteja kama huyo leo angekingwa kwa amana yake yote.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya muflisi na mfilisi kwa kutumia mfano wa soko lililo karibu nawe.

2. Katika hesabu ya hapo juu, nyumba imeuzwa 5,000,000 badala ya 8,000,000. Benki itadai wapi 1,000,000 iliyopungua, na mkulima wa 400,000 atapata kiasi gani? (Dokezo: benki sasa inapanga foleni na wakulima.)

3. Mdaiwa amemwandikia mdogo wake pikipiki siku mbili kabla wadai hawajaenda mahakamani. Mshauri mdai.