Samaki Wanavyotoa Ishara ya Maji Yenye Sumu

Maji ya Mto Ewaso Ng'iro hutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, yakapita mashamba na miji kabla ya kufika Archers Post, Merti na kinamasi cha Lorian. Anayenywesha mifugo chini ya mto haoni kilichomwagwa juu. Samaki huweza kukihisi mapema.

Samaki hupumua kwa kupitisha maji kwenye matamvua mchana na usiku. Ngozi ya matamvua ni nyembamba, hivyo kemikali za majitaka ya viwandani, kama amonia au madini ya shaba, humdhuru haraka. Kabla ya kufa, mwenendo wake hubadilika.

Nchini Marekani, samaki wadogo wamewahi kutumiwa kulinda maji ya miji. Huwekwa katika vyumba vidogo vinavyopitishiwa maji, na mitambo hupima jinsi wanavyopumua. Wengi wakibadilika kwa pamoja, kengele hulia na sampuli ya maji huchukuliwa ipelekwe maabara.

Dalili za kuangalia mtoni

1. Samaki wengi kuhema juu ya maji.
2. Kuogelea kwa kuzunguka au kulala ubavu.
3. Kukimbia sehemu moja ya mto na kurundikana kwingine.
4. Samaki wa aina na ukubwa tofauti kufa kwa ghafla.

Dalili hizi hazitaji sumu kwa jina. Kuhema alfajiri kwaweza kuwa upungufu wa oksijeni, hasa mto unapopungua wakati wa kiangazi. Ni maabara itakayothibitisha. Vilevile, samaki watulivu si hakikisho kwamba maji ni salama: viini vya kipindupindu haviwasumbui samaki, lakini humuua binadamu.

Hatua za kuchukua

Wakazi wanaoona dalili hizi wasinywe maji hayo wala kunywesha mifugo. Kuchemsha huua viini, hakuondoi sumu ya kemikali. Samaki waliokufa wasiliwe wala kuuzwa.

Chifu, afisa wa afya ya umma, Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA) au NEMA waarifiwe mara moja, wakielezwa mahali, saa na rangi au harufu ya maji. Picha ya simu husaidia. Sumu husafiri na mkondo: ripoti ikichelewa hadi kesho, ushahidi utakuwa umepita na maji yatakuwa yamefika kwa jirani.