Kanga za Sandukuni Zirudi Sebuleni

Mtu wa Afrika Mashariki anayehamia Silver Spring, Hyattsville au Alexandria, viungani mwa Washington, ni nadra kufika bila kanga. Nyingine huzikuta hukohuko, kwa zawadi na sare za harusi zilizovaliwa mara moja tu. Kabati la fleti likishajaa, zinaishia sandukuni. Sebuleni nako kuta ni nyeupe, kwa kuwa mwenye nyumba hataki rangi wala misumari. Kanga hizo zinaweza kupamba nyumba bila sindano, bila cherehani, na mimi nasema bila mkasi pia: kanga isiyokatwa leo ni pazia, kesho akizaliwa mtoto au ukitokea msiba inafunguliwa na kurudi kazini.

Anza na mto wa kochi. Kanga ya kawaida ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa 110, inatosha vizuri mto wa sentimita 45. Itandaze mezani kifudifudi, uweke mto katikati ya mji, yaani ile sehemu ya kati ya kanga. Kunja upande wa juu ufunike mto, kisha wa chini uje juu yake. Yamebaki mabawa mawili, la kushoto na la kulia. Yakusanye, yavute mpaka katikati ya mto, piga fundo mara mbili, halafu chomeka ncha chini ya fundo. Geuza: mji uko mbele, pindo na jina, yaani maneno ya kanga, vimejificha nyuma. Hapo ndipo pa kuzitumia zile kanga za kumsema jirani au mke mwenza. Zenye dua na shukrani ndizo za kutundika, maana mgeni wa kwetu husoma ukuta kabla hajakaa.

Pazia la dirisha fupi halina kazi kubwa. Nunua fimbo ya springi inayojibana yenyewe kati ya kingo za dirisha, na pete zenye vibanio. Kanga moja kila upande. Dirisha likitazama kusini au magharibi, weka shuka jeupe nyuma ya kanga lipokee jua, kwa sababu mwanga hufifisha rangi. Makumbusho ya vitambaa, ikiwemo Textile Museum iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha George Washington, hayaachi kazi zake juani. Na hita ya umeme isikaribie pazia wala kochi lililofunikwa: iache umbali wa mita moja.

Ukilazimika kukata, tuseme shuka kuukuu ili liwe kitambaa cha meza, kunja ukingo, tia ndani utepe wa kunata wa pasi, funika kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kandamiza kwa pasi ya moto bila kuisugua. Shuka la Kimasai la akriliki usilijaribie hapo, litayeyuka. Litupie tu mgongoni mwa kochi.

Kazi kubwa ni ukuta. Koroga robo kikombe ya wanga wa mahindi katika robo kikombe ya maji baridi, mimina kwenye vikombe 2 vya maji yanayochemka, koroga mpaka uwe mzito kama uji, uache upoe. Paka ukutani kwa brashi, bandika kitambaa kuanzia juu, kilainishe kwa kiganja kutoa hewa, kisha paka tena juu yake. Kanga mpya siishauri hapa: ikichuja rangi, dipoziti yako imekwenda. Tumia kitenge kilichofuliwa mara nyingi au shuka la maua la mitumba kutoka duka la Goodwill, na ujaribu kwanza kipande kidogo nyuma ya mlango kwa siku chache. Siku ya kuhama, lowesha kwa sponji yenye maji ya vuguvugu, vuta taratibu kuanzia pembeni, futa wanga uliobaki ukutani, kitambaa kiingie mashineni.