Jua haki zako: Kazi ya ualimu katika shule mpya ya kimataifa Dubai

Shule mpya ya kimataifa haina historia ambayo mwalimu anaweza kuiulizia. Shule iliyokaa miaka kumi ina walimu waliowahi kufundisha pale, wazazi wanaoijua na ripoti za ukaguzi. Shule inayotarajiwa kufunguliwa Agosti ina picha za jengo lililochorwa kwa kompyuta, jina la mkuu wa shule na ahadi ya mshahara usiokatwa kodi. Dubai, kwa kawaida, ukaguzi wa kwanza wa shule mpya hufanyika katika mwaka wake wa tatu. Kwa mwalimu kutoka Kenya, Tanzania au Uganda aliyepata ofa ya namna hii, kinachobaki kumlinda ni leseni ya shule na mkataba, basi.

Leseni ndiyo ya kwanza kuchunguzwa. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu kila emirati ina chombo chake cha kusimamia shule binafsi: Dubai ni KHDA, Abu Dhabi ni ADEK, Sharjah ni SPEA. Mwalimu ana kila sababu ya kuuliza jina kamili la shule kama lilivyoandikwa kwenye leseni, kampuni inayoimiliki, madarasa yaliyoruhusiwa kuanza mwaka huo na idadi ya wanafunzi waliokwisha kuandikishwa. Majibu yalinganishwe na taarifa za chombo chenyewe. Picha ya leseni iliyotumwa kwa WhatsApp haithibitishi chochote. Kama mmiliki ana shule nyingine za zamani, ripoti za ukaguzi za shule hizo ziko wazi kwa umma, na ndizo zinazosema zaidi kuhusu tabia ya mwajiri kuliko tangazo lolote.

Mahusiano ya kazi katika shule binafsi yanatawaliwa na sheria ya kazi Na. 33 ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022. (Maeneo mawili huru ya kifedha, DIFC ya Dubai na ADGM ya Abu Dhabi, yana sheria zake, kwa hiyo anuani ya mwajiri iangaliwe.) Ofa ya kazi hutolewa kwa fomu rasmi ya wizara ya kazi, inayojulikana kwa kifupi MOHRE, na mkataba unaosajiliwa baadaye unapaswa kufuata ofa ile ile. Barua nzuri yenye nembo ya shule iliyotumwa kwa baruapepe bado si mkataba uliosajiliwa. Mwalimu aweke nakala za ofa na za mkataba na kuzilinganisha mstari kwa mstari kabla ya kutia saini mara ya pili, kwa kuwa hapo ndipo mshahara wa msingi hupungua kimyakimya au cheo cha mwalimu hugeuka kuwa cha msaidizi. Maandishi ya Kiarabu na ya Kiingereza yakipingana, ya Kiarabu ndiyo yanayoshika.

Mshahara wa msingi unastahili kuangaliwa kwa jicho kali. Waajiri wengi hutaja jumla: kwa mfano dirhamu 9,000 kwa mwezi. Ndani yake msingi unaweza kuwa 4,000 na zilizobaki posho za nyumba na usafiri. Kiinua mgongo hakihesabiwi kwa jumla, kinahesabiwa kwa msingi: mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Kwa msingi wa 4,000, mwaka mmoja ni dirhamu 2,800. Kwa msingi wa 6,000, ni 4,200. Jumla ya mwezi ni ile ile, lakini mwalimu aliyekubali msingi mdogo atakuwa amepoteza dirhamu 2,800 baada ya miaka miwili. Asiyetimiza mwaka mmoja hapati kitu. Jambo hili ni zito kwa mgeni, kwa sababu hana pensheni katika nchi ile. Kiinua mgongo ndicho akiba yake yote ya kisheria.

Kipindi cha majaribio ndicho kinachowaumiza walimu wa shule mpya kuliko kifungu kingine chochote. Sheria inaruhusu hadi miezi 6. Ndani ya kipindi hicho mwajiri anaweza kumwondoa mwalimu kwa notisi ya maandishi ya siku 14 tu. Katika shule iliyozoeleka hilo hutokea kwa nadra, kwani darasa lipo na wanafunzi wapo. Shule mpya iliyotarajia wanafunzi mia tano ikapata mia mbili huunganisha madarasa kabla ya muhula wa kwanza kuisha, na anayeachwa ni yule ambaye kumwachisha ni rahisi. Hakuna haja ya kuthibitisha kwamba alifundisha vibaya. Mwalimu anaweza kuomba kipindi kifupi zaidi, miezi mitatu kwa mfano, au sharti kwamba akiachishwa kwa upungufu wa wanafunzi atalipwa hadi mwisho wa muhula. Sheria haimlazimishi mwajiri kukubali. Anayekataa hata kulizungumza, hata hivyo, amekwisha kueleza anavyoiona hatari ya shule yake na nani ataibeba.

Na mwalimu naye ana wajibu. Akitaka kurudi nyumbani wakati wa majaribio hutoa notisi ya siku 14. Akitaka kuhamia mwajiri mwingine ndani ya nchi hiyo hutoa mwezi mmoja, na mwajiri mpya humrudishia wa zamani gharama za kumleta. Akiondoka bila kufuata utaratibu huo anaweza kunyimwa kibali kipya cha kazi kwa mwaka mzima. Baada ya majaribio, notisi ni kati ya siku 30 na 90, kwa pande zote mbili.

Baadhi ya marupurupu yanatokana na sheria, mengine ni ya mapatano. Likizo ya mwaka ya siku 30, likizo ya uzazi ya siku 60 (45 kwa mshahara kamili na 15 kwa nusu) na bima ya afya ya mfanyakazi ni ya kisheria. Nyumba mwajiri huitoa au huilipia, ama peke yake ama ndani ya mshahara. Tiketi ya kurudi nyumbani mwisho wa kazi ni juu ya mwajiri, isipokuwa mfanyakazi amehamia kwa mwajiri mwingine au yeye mwenyewe ndiye chanzo cha kuvunjika kwa mkataba. Tiketi ya kila mwaka, nafuu ya karo kwa watoto na malipo ya likizo ndefu ya Julai na Agosti hutegemea kilichoandikwa. Kisichoandikwa hakidaiwi.

Walimu wengi wa Afrika Mashariki pia hukuta kwamba mshahara hupangwa kwa rangi ya pasipoti. Sheria ya 2021 inakataza ubaguzi wa rangi, jinsia, dini au asili ya taifa, na inataka mwanamke na mwanamume walipwe sawa kwa kazi ya thamani sawa. Kulithibitisha dai la ubaguzi ni kazi ngumu. Silaha ya maana zaidi ni kuuliza ngazi za mishahara za shule kabla ya kusaini na kupewa jibu kwa maandishi.

Kuhusu pesa za kuajiriwa, sheria haina utata: mwajiri haruhusiwi kumtoza mfanyakazi gharama za kumleta, moja kwa moja wala kwa mlango wa nyuma. Wakala anayedai ada kwa niaba ya shule anastahili kutiliwa shaka papo hapo. Pasipoti nayo ni ya mwenyewe. Mwajiri haruhusiwi kuishikilia. Kuingia kwa visa ya matembezi na kuanza kufundisha huku "karatasi zinashughulikiwa" ni kufanya kazi bila kibali, hata kama mkuu wa shule ndiye aliyeshauri hivyo. Marekebisho ya mwaka 2024 yameweka faini ya dirhamu 100,000 hadi milioni moja kwa mwajiri anayeajiri bila kibali, anayeleta watu kisha asiwape kazi, au anayefunga biashara bila kumaliza haki za wafanyakazi. Faini hiyo inaingia serikalini, haiingii mfukoni mwa mwalimu.

Huku nyumbani pia kuna sheria. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje ya nchi uthibitishwe na afisa wa leba, ambaye sharti aridhike kwamba mwalimu ameuelewa na kuukubali kwa hiari, na kwamba hafungwi na mkataba mwingine kwa kipindi hicho. Uhalali wa wakala huulizwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Tanzania Bara huulizwa kwa TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Mwalimu wa serikali asiondoke kimyakimya: kwa TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali Kenya, kutoroka kazi ni kosa la nidhamu linaloweza kumfuta kwenye daftari la walimu, na kwa Tanzania utoro kazini humfukuzisha mtumishi. Likizo bila malipo iombwe na ipatikane kwa barua.

Ufunguzi ukiahirishwa, na shule mpya huahirisha, aliyekwisha kuacha kazi nyumbani huku akiwa na barua ya ofa tu ndiye mwenye hali mbaya kuliko wote. Barua ya kujiuzulu isubiri mpaka kibali cha kuingia nchini kwa ajili ya kazi, chenye jina la mwajiri, kitoke na kuhakikiwa. Kuthibitishwa kwa vyeti katika wizara ya mambo ya nje na ubalozi, pamoja na cheti cha polisi cha tabia njema, huchukua wiki kadhaa, na shule iliyo tayari kuajiri kweli huzisubiri.

Mambo yakiharibika baada ya kufika, ushahidi wa mshahara uko benki, kwa kuwa mishahara hupitia mfumo rasmi unaosimamiwa na serikali. Mwajiri akivunja wajibu wake, mwalimu anaweza kuondoka bila notisi ikiwa aliiarifu wizara siku 14 za kazi kabla na mwajiri hakurekebisha. Malalamiko hupelekwa kwanza MOHRE, si mahakamani. Madai yasiyozidi dirhamu 50,000 wizara yenyewe huweza kuyaamua. Yakifika mahakamani, madai yasiyozidi dirhamu 100,000 hayalipiwi ada. Muda wa kudai ni miaka miwili tangu kazi ilipokoma.